Aliyehesabu Vitanda

Ukimwambia umelala vizuri, hakuamini mpaka aone kitanda. Hiyo ndiyo tabia yake ya kwanza niliyoijua kwa karibu, na ilinikera. Alikuja kwangu asubuhi moja kuomba kiberiti, akapita sebuleni bila kukaa, akasimama kwenye mlango wa chumba changu na kukitazama kitanda ambacho sikuwa nimekitandika. Alipokwisha kutazama, akachukua kiberiti, akashukuru. Akiwa anatoka alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua: "Unalalaka kando ya ukuta, Chauffeur. Unaacha nafasi ya mutu. Huyo mutu iko wapi?"

Mke wangu na watoto wetu wawili walikuwa Kampala tangu mwaka uliotangulia, kwa dada yake, kwa sababu ya vita na kwa sababu ya shule. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote mtaani. Nilimjibu kwamba ile nafasi ni ya mto. Akacheka kidogo, akaenda zake na kiberiti changu, na hakukirudisha.

Mtaa wetu wote wa Muhumba ulimwita Papa Pisteur, nami sitamwita vinginevyo. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mtafuta nyayo katika msitu wa Kahuzi. Hao ndio watu wanaotangulia asubuhi, wageni wakiwa bado wanakunywa chai, kutafuta gorila wako wapi leo. Mimi ni dereva wa watalii. Niliwafikisha wageni mwisho wa barabara, yeye akawapokea kutoka hapo. Kwa hiyo tulijuana muda mrefu kwa kusalimiana tu, mpaka kijiji chake kando ya msitu kilipokuwa hakikaliki tena, akashuka mjini na kupata annexe ya chumba kimoja nyuma ya nyumba ambayo wenyewe wanaishi Ulaya. Mke wake alikuwa amekwisha kufa. Binti alikuwa Lubumbashi. Mtoto wa kiume alikwenda kuchimba dhahabu Shabunda, na habari zake zilikatika huko.

Kazi yake ilimharibu kwa namna moja: alisoma kila kitu. Gorila hulala kila usiku kwenye kiota kipya, kila mmoja chake, anakunja majani na matawi anayakalia, na asubuhi anakiacha na harudi tena. Mtafuta nyayo akivifikia viota hivyo anavihesabu, na kwa hesabu hiyo anajua familia iko kamili au kuna aliyepotea. Mtoto mdogo hana kiota. Ukikuta mavi makubwa na madogo mahali pamoja, hapo alilala mama na mtoto. Ukikuta nywele nyeupe, hapo alilala mzee wao. Papa Pisteur aliyafanya hayo kila asubuhi ya maisha yake, na alipostaafu hakujua namna ya kuacha. Akienda matangani alitazama mikeka. Akimtembelea mgonjwa alijua kama kuna mtu aliyelala naye chumbani au wanadanganya.

"Nid moja ni solitaire," alikuwa akisema. Nid ni kiota kwa Kifaransa chao cha kazini. "Nid mbili pamoja, hata kama banakasirikiana, ile ni famille."

Huyo solitaire alikuwa ugonjwa wake. Ni dume linalotembea peke yake, halina jike wala mtoto, na kwa kuwa wageni hupelekwa kwa familia, hakuna aliyemwagiza kulifuata. Yeye alilifuata siku zake za mapumziko. Alikuwa na daftari la shule la pembeni, ukurasa umeandikwa juu Solitaires, na kila alipokikuta kile kiota kimoja aliandika 1. Asubuhi moja hakukikuta. Akatafuta siku nne. Akaandika 0, kesho yake 0, na akaendelea kuandika 0 kila siku ya mapumziko mpaka alipostaafu, miaka mingi baadaye. Nilimwambia kwamba huyo mnyama alikufa, jambo hilo liko wazi.

"Zero haisemi haiko," akanijibu. "Zero inasema miye sikuona. Njo maana naandika kila siku. Siku utaacha kuandika, njo siku anakufa."

Mtu akisikia hayo atadhani alikuwa mpole na mwenye busara saa zote. La. Alikuwa mbishi, na alikuwa mwongo wa furaha. Msituni hakutamka neno, aliongea kwa mikono. Ukimweka kwenye gari, hakunyamaza kutoka Muhumba mpaka uwanja wa ndege. Alitia sukari vijiko vitano kwenye chai akilalamika kwamba sukari ya siku hizi haina nguvu. Alivaa buti za msituni kanisani, hata Pasaka. Aliwahi kusimama mbele ya dume lenye hasira akalikoholea tu kooni, mm-hmm, kama baba anayeingia chumba cha watoto, likatulia. Lakini mbwa wa jirani, kimbwa chenyewe hakifiki goti, kilimfanya azunguke njia nzima. Na hakupanda mtumbwi wala motoboti hata siku moja. Dada yake aliolewa kisiwani Idjwi, akazeeka huko, na yeye alimwona mara zile tu dada alipovuka.

Safari yetu ndefu ilianza kwa barua ya mwanamke mmoja, daktari wa meno aliyestaafu, ambaye zamani, akiwa bado msichana, aliongozwa na Papa Pisteur kwenda kuona gorila. Sasa alitaka kuzunguka hifadhi zote za eneo hili kwa gari, ashuke na kutembea kwa miguu katika kila moja, na alitaka wawili: dereva, na yule pisteur kama bado yuko hai. Tulimwita Madame. Alitusubiri ng'ambo ya mto Ruzizi. Kahuzi hatukwenda. Barabara ilikuwa mbaya wakati ule, na ubaya wenyewe haukuwa wa matope. Kwa hiyo yule mzee alizungushwa misitu yote ya watu wengine, wake akauacha nyuma. Tulipovuka daraja aligeuka kuutafuta mlima wa Kahuzi, na mawingu yalikuwa yameuficha.

Msitu wa Nyungwe ulimkasirisha. Kulikuwa na vibao njiani vinavyoonyesha uelekeo, na mbao zimepangwa mahali penye utelezi. "Pori iko na bibao kama avenue," alinong'ona. Halafu tukafika kwenye lile daraja la kamba linaloning'inia juu ya miti. Madame alivuka, na goti lake bovu. Papa Pisteur alishika mkanda wangu kwa mikono miwili, akafumba macho, akavuka akisema Salamu Maria, na alipofika upande wa pili alieleza kwa sauti kubwa kwamba gorille haipitake juu ya kamba, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuona huko.

Akagera ni tambarare, majani na anga. Pundamilia wanasimama kando ya barabara kama ng'ombe. Nilidhani atafurahi. Alikaa kiti cha mbele mikono imelala mapajani, hana kazi. "Hapa hautafute," aliniambia. "Unafika tu, biko. Hii ni soko." Siku mbili hakuongea. Ilikuwa mara ya kwanza nilimwona ananyamaza ndani ya gari, na nilijikuta naongea mimi ili kuijaza nafasi, kuhusu watoto wangu, kuhusu simu ya mke wangu ambayo zamani ilikuwa ya kila jioni na sasa ilikuwa ya Jumapili. Yeye alisikiliza akitazama majani.

Tuliingia Uganda, nikaanza kuendesha upande wa kushoto, na yeye kila kona alikanyaga breki isiyokuwapo. Mburo tulitembea kando ya ziwa na askari mwenye bunduki. Ishasha tulitafuta simba wanaopanda miti, hatukuwaona, na hapo akachangamka kidogo kwa kuwa angalau kulikuwa na kitu cha kukosa. Kila asubuhi, katika kila nyumba ya wageni, alipita vyumbani kwetu. Madame mwanzoni alishangaa, baadaye alimwachia mlango wazi. "Sawa, tatu," alisema akitoka. "Tuko kamili." Na mimi, ambaye nilikuwa nimechukizwa na tabia hiyo, nilianza kuingoja.

Bwindi ndiko alikokuwa na shida ya kweli. Madame alimlipia kibali aingie pamoja naye kama mgeni, na mimi pia, na katika maisha yake yote hakuwa amewahi kuongozwa. Kila mahali njia ilipokata, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye tawi, ukalivunja bila kulikata, ukaliacha linaning'inia kuelekea tulikokwenda. Hivyo ndivyo wanavyofanya, ili anayekuja nyuma afuate. Kiongozi wa pale alimkanya mara mbili. Mara ya tatu alimtazama vizuri, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha Uganda kama ni mtu wa kazi. Papa Pisteur alikohoa kooni, mm-hmm. Yule naye akakohoa. Wakashikana mikono, na kuanzia hapo walitembea mbele wote wawili, Madame na mimi tukiwa nyuma tunahema.

Tulipofika kwenye viota vya usiku uliopita alipiga magoti akahesabu kumi na nne. Tukawakuta wenyewe si mbali, kumi na nne na mtoto mgongoni. Alilia. Hakujificha. Wakati wa kushuka aliketi juu ya gogo, akaomba nikae naye, Madame akatangulia na kiongozi.

"Chauffeur," alisema, "miye siogope kufa. Niliisha kuona bantu bengi banakufa. Niko naogopa kitu moja. Nitalala kule kwa annexe, sitaamuka, na hakuna mutu atakuja kuhesabu. Bataniona kwa sababu ya harufu."

Nilimwambia asiseme hivyo. Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa mawingu. Basi nikasema sawa, tupange. Na palepale tulipanga. Annexe yake ilizungushiwa ua wa minyaa, ile miti inayotoa maziwa meupe ukiivunja, na ua huo unapakana na barabara ninayopita kila asubuhi kwenda gereji. Kila siku akiamka angevunja kijiti kimoja kwenye ua, karibu na lango, akiache kinaning'inia. Mimi nikipita ningesimama na kutazama. Maziwa mabichi, yuko hai. Maziwa yamekauka kama gundi, nimfungulie mlango. Alipenda sana mpango huo. Alisema kwamba hata serikali haina mpango kama huu.

Tuliporudi nyumbani, miezi ya kwanza nilisimama. Nilizima injini, nikashuka, nikagusa. Wakati mwingine nilimkuta dirishani ananitazama nikigusa, tukapungiana mikono. Lakini mtu huzoea. Nikaanza kutazama kwa dirisha la gari. Kisha nikaanza kupita na simu sikioni, nikijiambia kwamba mzee ana nguvu kuliko mimi. Jumamosi moja nilimpelekea maharagwe, akayapokea, akasema bila hasira: "Jana haukusimama. Na juzi. Tairi zako zinapita sawasawa, hazikate kona." Nilisingizia haraka ya kazi. Aliitikia kwa kichwa. Aibu niliyopata siku hiyo bado ninayo, na haikunizuia kupita tena bila kusimama wiki iliyofuata.

Halafu nilipata abiria wa Kigali. Siku tatu, nilimwambia Papa Pisteur, na kama kawaida nikamwachia ufunguo wa nyumba yangu anyweshe lengalenga, ule mchicha wangu wa uani. Nilikuwa bado Kigali vita viliposhuka hadi mjini kwetu na mpaka ukafungwa. Simu yake, ambayo hata siku njema alisahau kuichaji, haikuita. Nikaendelea hadi Kampala kwa familia yangu. Nililala kwenye kochi la shemeji yangu. Watoto walikuwa wamerefuka, walisema Kiingereza wao kwa wao, na mke wangu alinitendea vizuri, kama mgeni. Alinisihi nibaki. Mchana nilikuwa sina la kufanya nikatembea tu, na kila ua niliouona nilitafuta kijiti kilichovunjika. Nilijua kwamba kule Muhumba mzee anavunja vijiti na hakuna anayevisoma. Au havunji tena. Wiki sita nilibeba hilo, na sikumwambia mke wangu, kwa sababu sikujua nianzie wapi kueleza kwamba ninarudi kwa ajili ya ua.

Mpaka ulipofunguliwa nilirudi peke yangu. Ilikuwa saa sita mchana. Sikwenda nyumbani, nilisimamisha gari kwenye ua wake, nikashuka. Vijiti vilivyovunjwa vilikuwapo kando ya lango, vimejaa kutoka chini hadi usawa wa kifua, vyote vikavu, maziwa yameganda meusi. Kibichi hakikuwapo hata kimoja. Nikaingia mbio. Mlango wa annexe ulifungwa kwa kamba tu. Ndani palinukia moshi wa zamani. Kitanda kilitandikwa, kimekazwa, na nilipoweka mkono kilikuwa baridi. Buti hazikuwapo. Niliketi kwenye kitanda chake nikasema kwa sauti, "Nisamehe, Papa," na sikupata hata machozi, nilikuwa mkavu.

Nilipotoka ndipo nilipokiona. Upande wa pili wa lango, mahali ambapo hatukuwa tumepatana, labda kwa kuwa upande wetu ulikuwa umejaa, kijiti kilining'inia na tone lake lilikuwa bado jeupe na laini. Hakikuelekea ndani, kilielekea barabarani. Nikavuka. Kwenye maua ya jirani tawi lilivunjwa vilevile, likielekea chini ya mteremko. Lingine kwenye mpera wa kona. Nilifuata nikiwa nimeacha gari wazi, na njia hiyo ilinipeleka kwenye lango langu mwenyewe.

Mama mmoja jirani alikuwa anaanika nguo. "Chauffeur, ulirudi?" alisema. "Huyu muzee wako anakujaka hapa kila asubuhi. Hata siku ya vita, masasi inalia, tulimukataza, akakataa. Saa hii iko ndani tangu kucha. Kutembea kunamushinda sasa."

Nilimkuta chumbani kwangu, ameketi kwenye kiti kando ya kitanda changu, buti miguuni, daftari magotini. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alinyanyua uso kuelekea mlangoni.

"Ni nani?"

"Ni miye, Papa. Chauffeur."

Hakusimama. Aliinamisha kichwa, akisikiliza labda ninavyohema. "Unachelewa," akasema. "Ulisema siku tatu."

Nikamuuliza anafanya nini kwangu. Akanipa daftari. Ukurasa ulikuwa na safu mbili, zimeandikwa kwa mkono uliokuwa ukipotea mistari. Safu ya kwanza: Miye, 1, 1, 1, mpaka chini. Safu ya pili: Chauffeur, 0, 0, 0, mpaka chini, na ukurasa wa pili, na wa tatu. Siku arobaini na tatu. Mimi nilidhani tulipatana nimlinde yeye. Kumbe yeye tangu asubuhi ile ya kiberiti alikuwa amekwisha kunitia kwenye daftari lake. Niliangalia juu ya ukurasa na nikaona kichwa alichokiandika: Solitaires.

Hapo machozi yalikuja. Nilimwambia aandike 1, niko hapa, ananisikia. Alikataa kabisa.

"Haujalala," alisema. "Tunahesabuka nid. Hatuhesabu mutu anapita."

Miguu yake isingeweza kupanda tena mteremko ule, kwa hiyo alibaki kwangu. Nilichukua godoro la watoto nikaliweka chumbani kwangu, chini ya dirisha, kwa kuwa hakutaka sebuleni. Asubuhi niliamshwa na mkono. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anapapasa shuka pale nilipolala, polepole, kutoka ukutani mpaka katikati, akitafuta joto kwa kuwa macho hayakumsaidia. Kisha akageuka akapapasa godoro lake mwenyewe kwa uangalifu uleule.

Akaomba kalamu. Aliandika 1 kwenye safu yake na 1 kwenye yangu, akiuliza kama mstari ni huo. Nikamwambia ni huo. Akatia kidole mate, kama watoto wa shule, akanipa mkono wake nimwelekeze juu ya ukurasa, na akasugua lile neno la juu, Solitaires, mpaka karatasi ikatoboka. Halafu akauliza kama sukari iko.